Ubuyu kutoka mtini hadi kwenye kopo: mwongozo kwa anayeanza

Kila kiangazi kikianza hapa Dodoma maswali huwa yale yale. Unga wangu mbona umeganda? Mbona una mchanga? Mbona umekuwa wa kahawia na ule wa sokoni ni mweupe? Juisi inachemshwa au haichemshwi? Bora niyajibu mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia chini ya mbuyu mpaka kopo linapofungwa.

Kabla ya lolote, shika jambo hili: buyu linashuka mtini likiwa limekauka tayari. Halihitaji kuanikwa, kulowekwa wala kupikwa ndipo litoe unga. Jua limeshaifanya kazi hiyo likiwa bado linaning'inia tawini. Karibu kila tatizo ninaloulizwa limetokana na mtu kuingiza maji, moto au uchafu mahali ambapo havikuhitajika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hatua zilizo hapa chini ni za kuzuia, si za kutengeneza.

Vitu vya kuwa navyo

- Upondo: mti mrefu, mkavu na mwepesi, wenye kijiti kilichofungwa nchani mfano wa ndoano.
- Turubai au mkeka mkubwa, safi. Hiki ndicho kifaa ambacho watu hukikwepa, na ndicho kinachowagharimu.
- Viroba viwili: kimoja cha mabuyu mazima, kingine cha yaliyopasuka.
- Kipande cha gunia la katani au kitambaa kigumu.
- Nyundo ndogo au jiwe linalokaa vizuri mkononi, na gogo au jiwe bapa la kupasulia.
- Kinu na mchi wa mti.
- Ungo, na machekeche mawili: la macho makubwa na la macho madogo kabisa.
- Ndoo yenye mfuniko, pamoja na makopo au mifuko minene isiyopitisha hewa, vyote vikiwa vikavu.
- Shati la mikono mirefu, na barakoa au kitambaa cha kufunga puani. Glovu ukizipata ni nyongeza nzuri.

Msimu, na ruhusa

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, na mbuyu unauishi msimu huo kwelikweli. Mvua zikikaribia unachipua na kutoa maua yale makubwa meupe yanayoning'inia, yanayofunguka jioni na kuchavushwa hasa na popo. Tunda linachukua miezi 5 hadi 6 kukomaa. Majani yakishapukutika, mti ukabaki mifupa mitupu, ndipo mabuyu huwa tayari: kuanzia mwezi wa 6 hivi hadi wa 9, na mengine yanagoma kudondoka mpaka karibu na mvua nyingine. Usiende kwa kalenda peke yake. Mibuyu miwili iliyo jirani inaweza kupishana kwa wiki nyingi.

Mbuyu, hata ukiwa umesimama katikati ya pori, una mwenyewe. Ulio shambani ni wa kaya fulani. Ulio kwenye ardhi ya kijiji, mwenyekiti wa kitongoji atakuambia taratibu zake. Usifike na upondo begani na kuanza kupiga. Fika asubuhi, salimia kama watu: "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa waliopo, "Shikamoo" kwa mzee, kaa kidogo, ndipo useme shida yako. Uliza mambo matatu: mbuyu upi unaruhusiwa kuangua, upi hauguswi (ipo mibuyu ambayo wazee hufanyia tambiko chini yake, na hiyo haijaandikwa kibao), na upi ubuyu wake ni mtamu. Swali la tatu ndilo litakalokuokolea siku nzima. Watoto wanaochunga mbuzi eneo hilo wanalijua jibu kuliko mtu mzima yeyote.

Kazi yenyewe

1. Onja kwanza. Angua buyu moja, lipasue papo hapo, weka punje mdomoni. Mibuyu haifanani: upo unaotoa ubuyu wenye utamu ndani ya uchachu, upo mchachu wa kukunja uso, na upo usio na ladha ya maana. Tofauti hiyo iko kwenye mti wenyewe, haitokani na namna ulivyohifadhi. Kama hujaupenda, hamia mti mwingine kabla hujajaza viroba.

2. Kagua mti kabla ya kupiga. Tembea ukiuzunguka, angalia kila tundu. Mibuyu mingi mikubwa ina uwazi ndani, na nyuki wanaupenda. Mara nyingine kuna mzinga umetundikwa upande usiouona ukitokea njiani. Ukisikia mvumo, achana na mti huo. Angalia pia matawi makavu yaliyo juu ya kichwa chako. Mti wa mbuyu ni laini na umejaa maji, hivyo tawi huvunjika bila kutoa onyo. Na tafadhali usipande, hata ukikuta vigingi vya zamani vimepigiliwa kwenye shina. Aliyevipigilia alikuwa anajua kipi kimeoza na kipi kizima. Wewe hujui.

3. Angua yaliyokomaa tu. Buyu lililokomaa limekauka kikonyo, rangi yake imetoka kwenye kijani na kuwa ya kahawia au ya majivu, na gamba ni gumu kiasi kwamba ukucha hauingii. Likishafika mkononi, litikise karibu na sikio. Mara nyingi likiwa tayari utasikia vitu vimeachana na gamba vinagonga ndani. Likiwa zito, kimya na gamba linabonyea, bado. Buyu bichi haliivi ukiliweka ndani, linaoza. Tandika turubai chini ya tawi unalolipiga, ukiweza, maana mabuyu yanayopasuka kwa kuanguka kwenye jiwe ndiyo yanayobeba mchanga.

4. Chambua siku hiyohiyo. Hili usilisukume mpaka kesho. Mazima yanaingia kiroba cha kwanza. Yaliyopasuka sasa hivi wakati wa kuangua yanaingia cha pili, na hayo ndiyo utakayoanza nayo. Uliyoyakuta chini yakiwa yamepasuka siku nyingi, yenye tundu la mdudu, alama za meno ya panya au doa la unyevu, yaache hapohapo. Watu hubishana nami kuhusu hili: "Si nakata palipoharibika tu?" Hapana. Ukungu ukishaingia ndani unaenea mahali ambapo jicho haliuoni. Sisi wa kanda ya kati hatuhitaji kuhadithiwa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

   Mabuyu mazima ndiyo ghala bora kuliko ndoo yoyote utakayonunua. Yakikaa juu ya kichanja, mahali pakavu, panya wasipofika, yanadumu miezi mingi. Kwa hiyo pasua yale utakayoyatumia au kuyauza karibuni. Mengine yaache ndani ya magamba yake.

5. Futa manyoya. Gamba limefunikwa na manyoya laini mfano wa mahameli, na manyoya hayo yanawasha kama upupu yakifika shingoni. Vaa mikono mirefu, simama upepo ukitokea mgongoni kwako, kisha sugua kila buyu kwa gunia mpaka gamba libaki linang'aa kidogo. Usioshe kwa maji. Najua inashawishi, lakini maji yanapitia kwenye kikonyo na kwenye nyufa usizoziona.

6. Pasua. Ingia ndani au mahali penye ukuta, maana upepo wa Dodoma wa mwezi wa 7 na wa 8 utakupeperushia unga na kukulipa vumbi. Laza buyu juu ya gogo, ligonge katikati ya ubavu, lizungushe kidogo, ligonge tena. Usilipige pigo moja la hasira. Gamba litavunjika vipande vidogo na vitakuchosha kuvichambua. Pigo la tatu au la nne sauti inabadilika, kutoka mlio mkavu kwenda mlio mzito uliopasuka. Sasa ingiza vidole kwenye ufa na kulitenganisha. Vumbi jeupe litatoka kidogo, na ndani utakuta mabonge ya ubuyu yameshikana, yamefungwafungwa na nyuzi nyekundu zinazotoka kwenye gamba.

7. Angalia rangi, kisha toa nyuzi. Ubuyu mzuri ni mweupe au wa rangi ya maziwa. Ukiwa wa kijivu, wa kahawia, wenye madoa au harufu ya uvundo, mwaga buyu zima. Mazuri yashikilie juu ya ungo, yabonyeze mabonge yaachane, na uvute nyuzi. Nyuzi usitupe, nitazirudia.

   Hapa tayari una ubuyu wa mbegu. Kama unataka wa kumung'unya au wa kupika na sukari, ishia hapa na uende moja kwa moja kwenye hatua ya 10.

8. Twanga polepole. Jaza kinu robo tu. Nyanyua mchi kidogo na uuache uanguke kwa uzito wake; unachotafuta ni punje zisuguane, unga uvuliwe kwenye mbegu. Ukitwanga kama unayekoboa mtama, mbegu zinapasuka, na maganda yake meusi yanaingia kwenye unga pamoja na uchungu. Ukishavunja mbegu hakuna chekeche litakaloutoa uchungu huo. Wenye mashine ya kusaga nafaka nao wasikushawishi upitishe kila kitu humo.

9. Chekecha mara mbili. Kwanza kwenye macho makubwa, mbegu na nyuzi zilizobaki zikae juu. Halafu kwenye macho madogo. Makapi yanayobaki yarudishe kinuni mara moja tu. Ukiyarudisha tena unavuna nyuzi zilizosagika. Funga pua. Vumbi la ubuyu lina asidi na litakukohoza.

   Usishangae uchache wa unga. Karibu nusu ya uzito wa buyu ni gamba, sehemu kubwa ya kinachobaki ni mbegu, na unga hauzidi robo.

10. Fungasha saa hiyohiyo. Unga wa ubuyu unavuta unyevu kutoka hewani. Ukiuacha kwenye sinia usiku kucha, hata hapa kwetu palipokauka, asubuhi utaukuta umeanza kushikana. Tia kwenye chombo kikavu, gandamiza kidogo kupunguza hewa, funga, andika tarehe. Weka gizani na mbali na jiko. Ubuyu una vitamini C nyingi, mara kadhaa kuliko chungwa, lakini mwanga, joto na muda vinaipunguza.

Kuutumia

*Juisi.* Vijiko 5 au 6 vya chakula vya unga kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Koroga kwanza unga na maji kidogo mpaka upate uji mzito usio na mabonge, ndipo uongeze maji yaliyobaki, chuja, tia sukari. Kwa ubuyu wa mbegu: vikombe 2 kwa lita 1 na nusu, loweka saa 1 au 2, fikicha kwa mkono safi, chuja. Haichemshwi. Ukiichemsha inakuwa nzito, ladha inakufa na vitamini C inapungua. Ikikaa kwenye friji unga utatuama chini, na hilo ni jambo la kawaida; tikisa. Siku 2 zinatosha, baada ya hapo inaanza kuchacha.

*Uji.* Tia ubuyu baada ya kuepua, kijiko 1 au 2 kwa bakuli. Uji wa uwele ukitiwa ubuyu hauhitaji ndimu wala ukwaju. Kwenye maziwa tia kidogo kidogo ukikoroga, maana uchachu wake unayakata.

*Ubuyu wa sukari.* Huu ndio unaouliziwa kuliko yote, na watu wa Zanzibar wameupa jina. Kwa kilo 1 ya ubuyu wa mbegu andaa sukari nusu kilo, maji vikombe 2, iliki ya unga kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo, vanila, pilipili ya unga ukiipenda, na rangi ya chakula.

1. Chemsha maji, sukari, chumvi, pilipili na rangi kwa moto wa wastani. Chota tone kwenye kijiko, liache lipoe kidogo, libane kwa vidole viwili na uachanishe. Likivuta uzi mfupi, shira iko tayari. Likikatika kama maji, endelea.
2. Tia iliki na vanila mwishoni, harufu isipotee na mvuke.
3. Punguza moto, mimina ubuyu wote, geuza kwa mwiko mpaka kila punje ishike rangi.
4. Epua, nyunyizia vijiko vichache vya unga wa ubuyu ili punje ziachane, tandaza kwenye sinia.
5. Subiri upoe kabisa ndipo ufunge. Ukiufunga wa moto, mvuke unageuka maji ndani ya mfuko.

Rangi iwe ya chakula, iliyoandikwa hivyo kwenye kifungashio. Rangi ya kutilia nguo au mikeka isikaribie sufuria, hata kama inang'aa zaidi. Na mtoto mdogo asipewe ubuyu wa mbegu bila mtu wa kumwangalia. Mbegu ni ngumu na zinakaba.

*Majani.* Haya ni ya mwanzo wa mvua, yakiwa machanga. Chuma kwa mkono kutoka matawi ya chini, usikate tawi. Yapikwe mabichi, au yakaushwe kivulini mpaka yavunjike mkononi, yatwangwe na kuhifadhiwa. Jua kali linayababua na kuyatoa rangi. Kiangazi mboga zikiadimika, chemsha maji, tia magadi kidogo sana, nyunyizia unga wa majani huku ukivuruga, kisha karanga zilizosagwa. Ni mlenda wa heshima kabisa, na ugali wa uwele au wa mtama unauteremsha.

*Mbegu.* Zilizobaki kwenye chekeche zioshe (maji ya kuoshea bado yana ubuyu, tengenezea juisi), zikaushe, zikaange mpaka ziwe rahisi kuvunjika, zitwange na upepete maganda. Unga wake unaunga mboga mahali pa karanga. Mafuta ya mbegu ni habari nyingine: yanahitaji mashine ya kukamulia, kinu hakiyatoi kwa kiasi cha maana. Mafuta ghafi ya ubuyu yana aina ya asidi za mafuta ambazo si salama kwa kula hivihivi, kwa hiyo mimi nayaweka kwenye ngozi na nywele tu. Anayekuuzia chupa na kukuambia unywe kijiko kila asubuhi ili upone magonjwa kumi, mwache apite.

*Nyuzi nyekundu.* Loweka kwenye maji ya vuguvugu, chuja, unapata kinywaji chepesi chenye rangi nzuri. Au zikaushie watoto wamung'unye.

*Magamba.* Kuni nzuri sana. Yaliyopasuka vizuri kwa urefu yanatengenezwa kata za kuchotea nafaka.

*Magome.* Nyuzi zake zinasuka kamba imara, na mbuyu una uwezo ambao miti mingi haina, wa kuotesha gome upya. Hilo lisiwe kisingizio cha kuuvua mti nguo zote. Kama hujafundishwa na anayesuka kamba, waachie wanaojua.

Kuhusu dawa sitasema mengi. Wazee wametumia ubuyu kwa tumbo na homa, na maji ya ubuyu ni kinywaji kizuri kwa mgonjwa anayeweza kunywa. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya hospitali na apelekwe kituo cha afya. Ubuyu ukae pembeni. Na ukila mwingi kwa mara moja, nyuzinyuzi zake zitakupeleka chooni bila kuulizwa.

Ukitaka kuuza

Kando ya barabara ubuyu unapimwa kwa sado au kopo na hakuna anayekuuliza karatasi. Ukitaka uwekwe kwenye rafu ya duka, unahitaji usajili wa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula, na SIDO (shirika linalohudumia viwanda vidogo) watakusaidia kwa mafunzo ya usindikaji na vifungashio. Masoko ya nje yapo: Umoja wa Ulaya uliruhusu ubuyu mkavu kuingia kama chakula mwaka 2008, Marekani ikafuata 2009. Lakini mnunuzi wa huko na mama wa soko la Majengo hapa Dodoma wanakagua vitu vilevile: mchanga, unyevu na rangi. Anza kwa kumridhisha mama wa Majengo, ambaye ataingiza kidole kwenye ndoo yako, asugue unga kwenye meno, na atakujibu kabla hujataja bei.

Kupanda mbuyu wako

Ukizunguka vijijini utaona mibuyu mikubwa mingi na midogo michache sana. Mbuzi na ng'ombe wanapenda miche yake, na anayelima huing'oa bila kuijua, kwa sababu majani ya kwanza ya mbuyu ni jani moja moja la kawaida. Yale ya vidole yanakuja baadaye.

Chukua mbegu za buyu lililokomaa, zioshe ubuyu wote utoke. Mbegu ina ganda gumu, ukiifukia hivyo inaweza kukaa chini misimu mizima. Mimina maji yaliyotoka kuchemka juu yake, ziache zipoe humohumo na zilale mpaka kesho yake. Au kwangua kila moja upande mmoja kwa tupa kabla ya kuloweka. Zinazovimba ndizo za kupanda. Fukia sentimita 2 hivi kwenye viriba virefu vyenye udongo wa kichanga, kwani mzizi unashuka haraka na kuvimba. Nyingine zitatoka ndani ya wiki 2, nyingine zitakaa sana, usizifukue kuangalia. Hamishia shambani mvua zikianza kushika, mbali na nyumba, na zungushia miiba siku hiyohiyo ya kupanda. Si kesho. Mbuzi hasubiri.

Mbuyu wa mbegu huchukua kwa kawaida zaidi ya miaka 10 kuzaa. Mche uliobebeshwa, yaani ulioungwa kijiti cha mbuyu unaozaa vizuri, unawahi zaidi, na unajua mapema ladha utakayopata. Ukiambiwa mbuyu fulani ni "dume" kwa hiyo ukatwe, usikubali haraka. Ua la mbuyu lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja. Huo ni mti unaozaa kidogo, na chavua yake huenda ndiyo inayowasaidia majirani zake kuzaa.

Mambo yakienda kombo

*Unga umeganda bonge.* Umevuta unyevu. Kama harufu na rangi ni nzuri, vunja, chekecha, tumia kwanza huo. Ukiona utando au kunusa uvundo, mwaga wote.

*Unga ni wa kahawia.* Ama buyu lilikuwa limeharibika, ama umevunja mbegu, ama umekaa muda mrefu kwenye mwanga. Ukiwa na vidoti vyeusi na uchungu, ni mbegu.

*Unakwaruza meno.* Mchanga. Hautoki kwa chekeche, kwa sababu chembe zake nyingine ni ndogo sawa na unga. Huo utumie kwa juisi: koroga, acha utulie dakika chache, mimina ya juu taratibu, ya chini mwaga.

*Ubuyu wa sukari umekuwa mawe.* Shira imepikwa kupita kiasi. Rudisha jikoni na maji vijiko vichache, moto mdogo, geuza mpaka ulainike.

*Ubuyu wa sukari unanata, haukauki.* Shira ilikuwa changa. Urudishe kwenye sufuria pana, moto mdogo, halafu ongeza unga wa ubuyu.

*Wadudu kwenye kopo.* Wameingia na makapi au nyuzi. Makopo yote ya mkupuo huo yakague. Safari nyingine chekecha zaidi, na kausha vyombo juani kabla ya kujaza.

*Mche umekauka wote mwezi wa 6.* Usiung'oe. Mbuyu mchanga hupukutisha majani kiangazi kama mama yake. Kwangua gome kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, mti ni mzima. Usiumwagilie kila siku kwa huruma, mzizi utaoza. Acha ile miiba palepale, angalia tena Desemba.